Barabara, geti, hukumu, hesabu au beseni: tumkabili mtawala wa mabavu kwa njia ipi?

Mtoto wa dada yangu ana miaka 23. Jumamosi moja alikuja kwangu Tandika, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka barazani, na kabla sijamletea hata maji ya kunywa akauliza: "Mama mdogo, wewe umefundisha uraia miaka yote hiyo. Watu wakitawaliwa kwa mabavu, njia gani inawafikisha? Sitaki mada ya darasani. Nataka ya kuchagua."

Nilijua swali limetoka wapi. Mwisho wa Oktoba 2025 alikuwa hapa hapa kwangu. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, Dar es Salaam imewekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, na simu zetu zimebaki za kutazamia saa tu. Tulikaa tukiusikiliza mtaa. Hakuna bajaji, hakuna konda anayeita Mbagala, na jirani anayekaanga samaki alikuwa amezima jiko mapema. Aliyepita usiku kama ule hawezi kuulizwa swali hili akajibu juu juu.

Nililomjibu siku ile halikutosha, kwa hiyo nimeliandika upya, kwa ajili yake na kwa wengine wanaojiuliza kama yeye. Nalinganisha njia tano ambazo watu wa nchi mbalimbali wamezitumia bila kushika silaha: barabara, geti lililofungwa, hukumu ya mahakama, hesabu ya kura, na beseni la kufulia. Maswali yangu ni yale yale kwa kila njia. Nani anaweza kuingia? Inadai gharama gani? Mtawala anajibu vipi? Na ikishindwa, watu wanabaki na nini mkononi?

Silaha sikuziweka kwenye mizani. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walipozichambua harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006, waliona zisizo za silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, za silaha kwa asilimia 26. Chenoweth mwenyewe ameeleza baadaye kwamba tangu 2010 njia zote mbili zinakwama mara nyingi zaidi, ingawa isiyo ya silaha bado iko mbele. Watawala nao wanajifunza.

Kwanza mjue anayekutawala anahitaji nini

Dikteta wa zamani ulimjua kwa sare za jeshi na bunge lililofungwa kufuli. Wa siku hizi anaacha kila kitu kisimame: bunge lipo, magazeti yapo, majaji wamevaa majoho, uchaguzi unafanyika kwa tarehe yake. Anachofanya ni kushika mipini.

Peru ya Rais Alberto Fujimori inaonyesha hili vizuri kuliko nchi yoyote niliyosoma habari zake, kwa sababu ushahidi uliachwa kwenye video. Mshauri wake wa usalama, Vladimiro Montesinos, alikuwa anahonga watu ofisini kwake huku kamera inarekodi, ili awashike baadaye. Tazama bei zenyewe. Jaji au mbunge alinunuliwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi. Mwenye kituo cha televisheni alilipwa hadi zaidi ya dola milioni moja kwa mwezi. Mtu halipi kiasi hicho kwa kitu asichokiogopa. Aliogopa raia wote wajue jambo moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja ajue kwamba mwenzake naye anajua. Kituo kimoja kidogo cha kebo, Canal N, kilibaki bila kununuliwa. Tarehe 14 Septemba 2000 kikaonyesha video moja ya Montesinos akihesabu noti za kumpa mbunge. Novemba Fujimori alikuwa Japani, akituma barua ya kujiuzulu kwa faksi.

Kwa hiyo mtawala wa aina hii anahitaji vitu vinne kutoka kwako: kazi yako, kodi yako, ukimya wako, na sura ya uhalali anayoipata ukikubali matokeo. Unapopima njia, uliza inamnyima kipi kati ya hivyo.

Barabara

Ndiyo inayokuja kichwani kwanza, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Sisemi hivyo kwa kudharau waliotoka. Baada ya siku zile za Oktoba, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika mamia ya watu waliuawa hapa nchini. Kila mmoja kati yao alikuwa mtoto wa mtu. Nani asingeogopa?

Weka Belarus na Sudan bega kwa bega.

Belarus, tarehe 9 Agosti 2020, Aleksandr Lukashenko, aliyeingia madarakani 1994, alitangazwa mshindi kwa asilimia 80. Intaneti ilikatwa kwa siku karibu tatu. Iliporudi, Jumapili baada ya Jumapili watu zaidi ya 100,000 walijaa Minsk, wanawake wamevaa nyeupe na kushika maua. Hawakuvunja duka wala kuchoma gari. Walikamatwa zaidi ya 30,000. Ulipoingia mwaka 2021, barabara zilikuwa tupu, viongozi wako jela au uhamishoni, na Lukashenko yuko palepale.

Sudan ilianza na bei ya mkate. Tarehe 19 Desemba 2018 watu wa Atbara, mji wa wafanyakazi wa reli, walitoka, na moto ukafika Khartoum. Aliyekuwa anapanga hakuwa mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Kulikuwa na chama cha wanataaluma, yaani madaktari, walimu, wanasheria na waandishi wa habari, na chini yao kamati za mitaa, kila mtaa na yake. Tarehe 6 Aprili 2019 wakapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi. Siku tano baadaye Omar al-Bashir akaondolewa, baada ya takriban miaka 30. Majenerali hawakutaka kuachia. Tarehe 3 Juni kambi ilivunjwa kwa risasi, wakafa zaidi ya 100, intaneti ikazimwa kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Wasudani hawakurudi barabarani siku iliyofuata kwenda kufa. Walikaa ndani. Tarehe 9 Juni wakaanza mgomo wa nchi nzima, Khartoum ikawa kimya kama siku ya Idi asubuhi watu wakiwa viwanjani. Kamati za mitaa zikapita nyumba kwa nyumba, kwa mdomo na kwa vikaratasi, na tarehe 30 Juni umati mkubwa ukatoka tena bila intaneti hata chembe. Agosti majenerali wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka.

Najua kilichofuata, na mpwa wangu naye alinikumbusha: mapinduzi ya Oktoba 2021, kisha vita kuanzia tarehe 15 Aprili 2023. Walichokipata Wasudani wamenyang'anywa. Lakini zile kamati za mitaa hazikufa. Katikati ya vita zimezaa vyumba vya dharura, vijana wale wale wakipika chakula cha pamoja na kuhamisha majeruhi mahali ambapo serikali haipo.

Barabara basi haina nguvu yake yenyewe. Inaazima nguvu kutoka kwa kile kilichosimama nyuma yake. Anayeweza kuingia ni kijana mwenye miguu ya kukimbia. Mama mwenye kichanga na mzee wa presha wanabaki nyumbani, na mtawala anapata nafasi ya kusema hao ni wahuni tu. Gharama yake hairudishwi. Kama watu wako hawajawahi kufanya jambo moja pamoja, hata la kuchangia msiba wa asiye ndugu yao, barabara isiwe ya kwanza.

Geti

Asubuhi ya Mei 2023 nilishuka Msimbazi nikanunue kitambaa cha sare. Mtaa wa Kongo, ambao siku zote unapita ubavu ubavu, nilipita nimenyoosha mikono. Mageti yameshushwa, kufuli zimening'inia, wapagazi wamekaa juu ya mikokoteni yao. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamefunga maduka kwa sababu ya kikosi kazi cha kodi na malalamiko ya usumbufu. Hakuna aliyerusha jiwe. Siku chache baadaye Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza mbele ya umati, na kikosi kazi kikasimamishwa. Ule haukuwa ugomvi wa kumtoa mtu madarakani. Naueleza kwa sababu nililiona kwa macho yangu jambo ambalo vitabu vinalieleza kwa mzunguko: mwenye nguvu alikuja alipo asiye nazo.

Jiji hili linalijua jambo hilo tangu zamani. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha mizigo, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Wakoloni wakaongeza mishahara.

Mfano ninaourudia zaidi ni wa Poland, kwa sababu watu wale wale walijaribu njia mbili. Desemba 1970 wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Gdańsk na Gdynia waliandamana mjini kupinga bei za vyakula. Wakapigwa risasi, makumi wakafa. Agosti 1980 mwendesha winchi mmoja, Anna Walentynowicz, alifukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi mitano astaafu. Safari hii wenzake hawakutoka. Walifunga geti kwa ndani. Wakatundika langoni mbao zenye madai 21, na watu wa mji wakawa wanaleta mikate na maua wakipitishia kwenye vyuma. Utawalengaje watu waliokaa ndani ya kiwanda chako mwenyewe? Tarehe 31 Agosti serikali ikasaini. Chama chao, Solidarność, kikafikia wanachama milioni 10 hivi. Desemba 1981 kikapigwa marufuku kwa sheria ya kijeshi, viongozi wakafungwa, lakini mtandao wa chini kwa chini ukaendelea. Uchaguzi wa Juni 1989 ukawapa viti 99 kati ya 100 vya Seneti.

Miaka tisa! Vijana hawapendi kusikia namba hiyo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Belarus nao walijaribu geti. Tarehe 17 Agosti 2020 Lukashenko alikwenda kiwandani Minsk, wafanyakazi wakamzomea usoni, "Ondoka!" Ila wengi wa nchi ile wanafanya kazi kwa mikataba ya muda mfupi, mara nyingi ya mwaka mmoja. Ilitosha kuwaambia mkataba hautaongezwa, na mgomo ukanyauka. Poland walikuwa na kitu tofauti: tangu 1976 kulikuwa na kamati ya wasomi iliyochangisha fedha za kulipa faini na kulisha familia za wafanyakazi waliofungwa. Geti linataka mfuko.

Hapa ndipo njia hii inapokwama kwa Dar yetu. Mwenye duka Kariakoo anaweza kufunga siku tatu. Mama lishe wa Buguruni, aliyekopa unga wa leo ili alipe kesho asubuhi, hawezi. Bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri hawezi. Ukitangaza mgomo wa wiki katika mji wa watu wanaokula walichopata leo, umewaadhibu wao kabla ya mtawala. Mgomo wa siku moja, uliotangazwa mapema, wenye kibubu nyuma yake, huo watu wanauweza. Na ukishindwa, mmepoteza siku ya mauzo, hamjapoteza mtu.

Hukumu

Malawi wametufundisha kwamba jaji anaweza kusimama. Uchaguzi wa tarehe 21 Mei 2019 ulimpa Rais Peter Mutharika asilimia 38 na ushei, kukiwa na karatasi za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walifika mahakamani kwenye gari la jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu kutwa nzima huku nchi ikisikiliza redioni: uchaguzi umebatilishwa. Tarehe 23 Juni ukarudiwa na Lazarus Chakwera akashinda. Lakini katika miezi ile raia walikuwa wanaandamana bila kuchoka, na serikali ilipotaka kumpeleka Jaji Mkuu likizo ya lazima, wanasheria waliingia barabarani na majoho yao. Majirani zetu Wakenya walipata hukumu kama hiyo tarehe 1 Septemba 2017. Uchaguzi wa marudio ukasusiwa na upinzani, na aliyekuwepo akabaki.

Kwetu Bara na Visiwani jambo hili lina ukuta wake. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa mshindi, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Basi. Njia ya Malawi haipo kwa urais mpaka ibara hiyo ibadilishwe.

Mahakama ina kazi nyingine, na Mchungaji Christopher Mtikila aliifanya kwa maisha yake yote. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye kwamba kudai kibali cha polisi ili watu wakutane ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo sheria inadai taarifa tu. Aliomba pia mgombea binafsi, akashinda, Bunge likabadilisha Katiba kumzuia. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Arusha, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki. Alifariki 2015, na tangu hukumu hizo mgombea binafsi hajaonekana kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Na ile haki ya kukutana kwa taarifa tu haikuzuia mikutano ya hadhara ya vyama kuzuiwa tangu 2016 mpaka Januari 2023.

Inataka wakili, fedha, na subira ya mtu mmoja mkaidi. Faida yake ni moja lakini kubwa: inaacha maandishi. Yule anayekuja baada ya miaka 20 hataanza mwanzo.

Hesabu

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na sifichi. Inamgusa mtawala wa kisasa pale anapojivunia: "Nimechaguliwa."

Ufilipino, Februari 1986. Rais Ferdinand Marcos aliitisha uchaguzi wa ghafla akiwa na uhakika wa Tume yake. Raia wa kujitolea takriban nusu milioni, chini ya mwavuli wa NAMFREL, jumuiya ya raia ya kulinda uchaguzi, walikaa vituoni, wengine wakijipanga mnyororo kulinda masanduku, na kupeleka matokeo ya kituo kimoja kimoja kwenye hesabu yao wenyewe. Hesabu ya Tume ikamweka Marcos mbele, ya raia ikamweka mpinzani wake Corazon Aquino. Usiku wa tarehe 9 Februari wataalamu wapatao 30 wa kompyuta wa Tume yenyewe waliona namba ubaoni hazifanani na walizoingiza. Wakasimama, wakachukua disketi zao, wakatoka nje wengine wakilia, wakakimbilia kanisani. Wiki mbili baadaye Marcos alikuwa amekimbia nchi. Umati uliojaa barabara ya EDSA jijini Manila ndio uliomwondoa, kweli, lakini umati ule ulitoka ukiwa na namba mkononi.

Chile, tarehe 5 Oktoba 1988. Augusto Pinochet, miaka 15 madarakani, aliwauliza wananchi Ndiyo au Hapana: aendelee miaka minane? Wapinzani wengi walisema ni mtego, kushiriki ni kumhalalisha. Hoja hiyo naisikia hapa kila msimu wa uchaguzi, na ina uzito wake. Waliokubali kuingia hawakuingia mikono mitupu. Walizunguka kuandikisha wapigakura hadi zaidi ya milioni 7, wakaweka wakala kwenye vituo karibu vyote, wakajenga hesabu sambamba. Usiku ule serikali ikachelewesha matokeo, ikitoa namba chache za kumpendeza Pinochet. Wa Hapana walikuwa na za kwao. Baada ya saa sita usiku Jenerali Fernando Matthei wa jeshi la anga, mwanachama wa utawala ule ule, alipokuwa anaingia ikulu kwa mkutano aliwaambia waandishi wa habari mlangoni kwamba Hapana imeshinda. Asilimia 56 kwa 44. Kila nikifika hapo nasimama. Jenerali asingethubutu kusema hivyo kama namba zisingekuwa tayari mikononi mwa watu wengi.

Venezuela, tarehe 28 Julai 2024, wakatueleza hesabu inaishia wapi. Kila wakala wa chama kisheria hupewa karatasi iliyochapwa na mashine ya kura. Watu wa kiongozi wa upinzani María Corina Machado walikusanya zaidi ya asilimia 80 ya karatasi hizo, wakaziweka hadharani; zilionyesha mgombea wao Edmundo González ameshinda kwa mbali. Tume ikamtangaza Nicolás Maduro. Septemba González akakimbilia Hispania, na tarehe 10 Januari 2025 Maduro akaapishwa. Jeshi halikugeuka, na karatasi hazina miguu. Lakini dunia nzima ilijua, na Venezuela nzima ilijua. Kile alichokuwa anakihitaji, sura ya uhalali, hakukipata.

Hesabu inataka mshindani. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hapa, CHADEMA, hakikuwemo kwenye uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini tangu Aprili, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Ukiwa na wakala 1,000 hodari katika uchaguzi wa namna hiyo, watahesabu nini? Watahesabu waliojitokeza, labda. Hata hilo ni jambo. Ila tusijidanganye kwamba kalamu inafanya kazi bila karatasi.

Anayeweza kuingia ni karibu kila mtu anayejua kusoma tarakimu. Wakenya mwaka 2022 waliwekewa fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, na vijana wakazijumlisha wenyewe usiku kucha. Gharama ni usingizi, nauli, na kwa wakala kukubali kutishwa. Na ikishindwa, unabaki na kitu ambacho njia nyingine hazikupi: ukweli wenye tarehe na saini.

Beseni

Nimeiweka mwisho kwa sababu vijana huidharau. Mpwa wangu alipoisikia alitabasamu. Nikamwambia asikilize kwanza.

Lima, mwaka 2000. Fujimori amejipachika muhula wa tatu. Kila Ijumaa mchana watu wakaanza kufika uwanja mkuu, mbele ya ikulu, na mabeseni ya plastiki, maji na sabuni. Wanafua bendera ya Peru. Wanaisugua, wanaisuuza, wanaianika kwenye kamba. Wiki inayofuata tena. Ikaenea miji mingine. Polisi amkamate bibi kwa kosa gani, kufua? Na kila aliyepita akaelewa: nchi imechafuka, tunaisafisha.

Chile miaka mitano kabla ya ile kura, Mei 1983, wachimbaji wa shaba walitaka kugoma. Wakaona wanajeshi watawazunguka na watu watakufa. Wakabadili wito kuwa siku ya taifa ya kupinga: usipeleke watoto shule, endesha gari polepole, usinunue kitu, na ikifika saa 2 usiku piga sufuria. Miaka kumi ya woga, kila mtu akidhani yuko peke yake. Saa 2 ikafika, Santiago ikalia. Aliyekuwa jikoni kwake akasikia sufuria ya jirani, na ya nyumba ya tatu, na mtaa wa pili. Unaweza kufikiria kilichompata mtu huyo kifuani?

Hapa Dar tuna Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 wakoloni walikuwa wamewakataza watumishi wa serikali kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo wanaume wengi wenye elimu walijificha. Bibi Titi, mwimbaji wa ngoma, alikwenda kwenye vikundi vya lelemama, kwa wanawake ambao tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao na zamu zao. Hawakuwa na ajira ya kunyang'anywa. Maelfu wakachukua kadi za TANU, na mikutano ikajaa. (Bibi Titi huyo huyo baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na serikali aliyoisaidia kuzaliwa, akaachiwa 1972. Nilipokuwa nafundisha sikuwahi kuruka sentensi hiyo.)

Beseni halimwondoi mtu madarakani. Linaondoa ukimya, na bila hilo yale mengine hayaanzi.

Wewe uanzie wapi

Ukinilazimisha nipange, kwa mji kama huu na kwa watu walioumizwa juzi, naanza na beseni: jambo dogo, la halali, linalorudiwa siku ile ile kila wiki, ambalo mama wa mlango wa tatu analiweza bila kumwacha mtoto. Pembeni yake hesabu, hata nje ya msimu wa uchaguzi: kuandika kilichotokea, tarehe, mahali, nani aliona. Mahakama waachie wachache wenye moyo wa Mtikila, ila wachangieni nauli. Geti liwe la siku moja moja, mfuko ukishakuwepo. Barabara iwe ya mwisho, na iwe ya umati ambao tayari unajuana kwa majina.

Kama mtaa wako una kikoba kinachoaminika, au kamati ya msikiti au jumuiya ndogo ndogo ya kanisa inayolipa michango bila kusukumwa, uko mbele kuliko unavyodhani. Unaweza kuruka hatua. Kama una kundi la simu tu lenye watu 500 wasiojuana sura, utakuwa huna kitu siku intaneti itakapozimwa. Hilo tumeliona.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akichezea kamba ya kiatu. Kisha akauliza, "Na wewe mama mdogo, utakuwa wapi kati ya hizo tano?"

Nikamwambia magoti yangu hayapandi tena hata daladala refu. Ila fomu ya matokeo ikibandikwa ukutani pale shuleni, naweza kusimama mbele yake na miwani yangu nikainakili yote, kituo kwa kituo, na mwandiko wangu bado unasomeka. Akaenda ndani akanitafutia daftari.